Chombo Kilicholala na Mshenga wa Alumini

Ufini,
mwezi wa Februari.

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Zuhura,
Nandagala, Ruangwa.

Pokea salamu zangu, kisha uketi. Barua hii ni ndefu, na barua ndefu haisomwi na mtu aliyesimama na jembe begani. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo huku huvishwa kofia kana kwamba kila sikio ni kichwa. Je, wewe hujambo? Goti lako limeacha kuuma? Miche ya mikorosho imeota mingapi kwenye viriba, na ufuta mmekwisha kupanda? Barabara ya kwenda Nachingwea inapitika, au magari yamelala matopeni kama msimu uliopita?

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha. Mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Unisamehe, ni mazoea. Mara ya tatu niliisoma kwa hasira. Mara ya nne niliisoma nikiwa nimeketi kwenye ngazi za maabara, nikaimaliza kwa aibu. Hasira ina sababu yake na aibu ina sababu yake. Nitazieleza kwa utaratibu.

Lakini kwanza nina agizo. Ndugu yako Hamisi asiisome barua hii kwa sauti barazani, kama alivyoisoma ile ya mwanzo akachanganya na maneno yake mwenyewe. Mpe aya ya salamu tu. Akidai zaidi, mwambie yaliyobaki ni mambo ya mume na mke, kisha uikunje uiweke chini ya mto.

Sasa hasira. Uliniandikia hivi: "Baba Zuhura, Hamisi anatangaza kuanzia hapa Nandagala hadi Matambarale kwamba shemeji yake huko Ulaya anaosha vyombo. Nimemwuliza amejuaje. Ananijibu, 'Dada, mzee wa miaka hamsini na minne akiitwa Ulaya, ataitiwa nini tena? Kucheza mpira?' Sasa na mimi nataka kujua. Kama kweli unaosha vyombo, mbona hapa nyumbani hujapata kuosha hata kijiko?"

Swali la kijiko nitalijibu mwishoni. Nianze na swali la kazi.

Mimi ni fundi wa maabara. Unamkumbuka yule mwalimu Mfini aliyefundisha nasi Nachingwea, ambaye alikula kisamvu chako akaomba tena. Yeye ndiye aliyenipendekeza nije huku miaka miwili, ili nikirudi niweze kuwafundisha vijana wetu kutunza vifaa. Maabara hii inachunguza namna ya kutengeneza polithini. Unavijua vile viriba vyeusi unavyopandia miche, na lile dumu la njano la maji. Watu wa sokoni huita kila kitu cha namna hiyo nailoni. Si nailoni. Ni polithini, nayo hutengenezwa kwa gesi.

Gesi yenyewe huitwa ethilini. Ikiachwa peke yake itabaki gesi mpaka siku ya kiyama. Ili chembe zake zishikane mikono, maelfu kwa maelfu katika mstari mmoja mrefu, lazima awepo wa kuzipokea na kuziunganisha. Huyo ni titani. Sisi tunamwita kichocheo. Lakini titani naye, ukimweka mbele ya gesi hiyo peke yake, hafanyi lolote. Anakaa tu. Amejifunika klorini kama mtu aliyevaa makoti mawili mwezi wa Novemba, hawezi kunyoosha mkono. Lazima aletewe mwenzake, alumini. Si alumini ya sufuria. Hii ni ya majimaji, imeungwa na kaboni, nayo ikiguswa na hewa hutoa moshi na hata kuwaka. Alumini ndiye anayemvua titani koti na kumfungua mkono, na hapo ndipo gesi inapopata mahali pa kushika.

Najua umekwisha kucheka, kwa maana umekwisha kujua ninamsema nani.

Siku ile nyumbani kwa baba yako, Matambarale, titani nilikuwa mimi. Desturi ilinitaka nibaki nyumbani, lakini mjomba wangu Mtepa, ambaye alikuwa mshenga, alisema nimfuate nimwonyeshe njia. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa na koti la kuazima, nikiangalia vidole vyangu. Mjomba akaanza, "Sisi tumekuja..." akakohoa. "Tumekuja hapa..." akakohoa tena. Mara ya tatu baba yako akamwuliza, "Mmekuja kutuletea kikohozi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo wewe ukatoka ndani na kata ya maji, nusu kata, ukampa kwa mikono miwili. Akanywa, koo likafunguka, akasema mpaka posa ikapokelewa. Mimi sikutamka neno hata moja siku ile, lakini leo tuna Zuhura. Basi alumini ni Mjomba Mtepa, na kazi ya maabara yetu ni kujua ni mshenga yupi anayemfaa titani yupi.

Maana washenga hawalingani. Tunao wa namna tatu, kila mmoja katika chupa yake. Yupo mkali, ambaye humvua titani koti, na shati, na ngozi. Titani hufa kabla ya kuona arusi. Yupo wa wastani, ambaye huanza kwa kishindo na baada ya robo saa akanyamaza. Na yupo mpole, mwenye matawi mafupi kuliko wenzake, ambaye vitabu vinasema kwa titani huyu hafai karibu kwa lolote. Idadi yao pia ina kanuni. Wakiwa wachache mno, wote huishia njiani wakigombana na uchafu wa safari. Wakiwa wengi mno, humchosha bwana arusi.

Titani tunayemtumia alitengenezwa na msichana mmoja anayeitwa Kaisa, wa umri wa Zuhura wetu. Ilimchukua mwaka mzima. Akiweza kuonyesha kwa namba jinsi kila mshenga anavyomfanya titani wake, atapata shahada ya juu kabisa. Asipoweza, hapati. Yeye huniita Mwalimu. Nilimfundisha neno hilo siku ya kwanza, kabla hajazoea kuniita kwa jina la utotoni, kwa sababu watu wa huku hawana breki katika jambo hilo. Hata mkuu wetu, Profesa mwenye mvi, wanamwita Arvo kama anayetumwa chumvi dukani. Mimi namwita Profesa Arvo, naye ameacha kunikataza.

Mwanzoni mwa Januari fundi wa vyombo vya kioo aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu, nami nikapewa kazi yake. Sharti kubwa la vyombo hivyo ni ukavu. Jioni huoshwa, kisha hulazwa katika tanuri lenye joto kupita maji yanayochemka, ili usibaki unyevu wowote. Asubuhi mimi hutoa silinda ya kupimia, huiacha ipoe, hupimia ndani yake mafuta mepesi ambamo kazi yote hufanyikia, kisha humimina katika jagi kubwa la kioo lenye mfuniko wa chuma. Baada ya hapo Kaisa hutia alumini kwa sindano, hutia titani, hufungulia gesi, nasi hungoja.

Wiki ile ya kwanza tulingoja bure. Jumatatu hakuna kitu. Jumanne hakuna kitu. Washenga wote watatu walikaa kimya, na jagi lilibaki na rangi ya maji ya kunawa. Kisha ikaja Ijumaa, zamu ya yule mpole asiyefaa kwa lolote. Mama Zuhura, hukuona kitu! Gesi ilimezwa kama uji unavyomezwa na wafungaji saa ya kufuturu. Jagi likapata joto. Polithini ikafura ndani yake, nyeupe na nzito kama ugali wa muhogo, mpaka mwiko wa mashine ukakwama. Kaisa akaruka, akanishika mikono yote miwili, nami nikaitoa kwa heshima.

Jumatatu tukarudia vilevile. Hakuna kitu. Ijumaa iliyofuata, ugali tena. Ikawa ndiyo desturi ya maabara: Ijumaa shibe, siku nyingine njaa.

Profesa Arvo alikuja na daftari la Kaisa mkononi. Ni mtu anayesema sentensi tatu kwa siku, na siku hiyo alizitumia zote mahali pamoja. "Kaisa, kichocheo hakijui siku za juma. Ama titani yako ni chafu, ama daftari lako ni chafu. Una wiki mbili." Akaweka daftari mezani, akaondoka. Kaisa alibaki ameliangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua.

Sasa nakuja kwenye jambo ninaloona haya kuliandika. Nilimwendea. Nilidhani ninatenda wema. Nilimwambia, "Binti yangu, kama uliandika namba ambazo hukuziona, simama useme. Kukiri kosa mbele ya watu huuma siku moja tu. Shemeji yangu Hamisi alivunja bureti ya kioo katika maabara yangu alipokuwa kidato cha pili, akaificha kwenye pipa la majivu. Nilimsimamisha mstarini mbele ya shule nzima akasema mwenyewe, na tangu siku ile ni mtu mwaminifu." Hapa nilimsifu Hamisi kupita kiasi, lakini nilikuwa katika kufundisha.

Kaisa akasema, "Sikuandika uongo, Mwalimu."

Nikamjibu, "Wote husema hivyo."

Siku mbili baadaye barua yako ikafika. Nilikwisha kuisoma kwa furaha, kwa kalamu nyekundu na kwa hasira, na wakati wa chakula cha mchana nikaichukua tena nikaketi kwenye ngazi ili nitafute jibu la kumkomesha Hamisi. Ndipo nikafika kwenye mstari wa mwisho, ambao mara zote tatu niliupita nikiuona ni wa kawaida. Uliandika: "Na huko uliko usiwanyweshe watu wa watu katika chombo kilicholala bila kukisuuza. Mjusi hana mpaka."

Nikacheka. Nikajisemea, mwanamke huyu ananifundisha leo? Mbona hata silinda ya Profesa nimeisuuza asubuhi hii?

Kicheko kikakatika hapohapo.

Mama Zuhura, nimefundisha kemia miaka ishirini na saba. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza alumini ile inafanya nini ikikutana na maji, nitakujibu kabla sijafumbua macho: inamalizika. Inagombana na maji, inatoa mapovu, na inapofika kwa titani haina tena cha kutoa. Hayo kichwa kinayajua. Lakini mkono haukusoma kemia. Mkono ulisoma kwako, miaka thelathini, kwamba chombo kilicholala kimetembelewa na mjusi, na kwamba kumpa mtu kitu katika chombo kilicholala bila kukisuuza ni kumdharau. Kila asubuhi nilitoa silinda katika tanuri, nikangoja ipoe, nikaenda nayo bombani chumba cha pili, nikaisuuza mara tatu, nikaipindua, nikaikung'uta, nikarudi nayo. Sikukumbuka kama nafanya. Ni kama kuvua viatu mlangoni. Na siku ya Ijumaa nilifika mapema zaidi ili niwahi sala ya mchana, kwa hiyo silinda ilipata saa nzima ya kuchuruzika, ikabaki na matone mawili matatu badala ya kijiko kizima.

Katika nchi hii, majira haya, hakuna mjusi hata mmoja. Wangemwona wangemvisha kofia.

Sitakuficha lililonijia pale kwenye ngazi. Nilifikiri, nikiacha kusuuza kuanzia kesho, kazi itanyooka yenyewe na hakuna atakayejua. Fikra hiyo nilikaa nayo muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, na kahawa ikawa chungu. Kwa maana namba za mwezi mzima zingebaki katika daftari la Kaisa kama uongo wake, na jina la mwongo angeondoka nalo yeye. Isitoshe, nilimwona Hamisi. Alikuwa kidato cha pili, kaptura imempwaya, shule nzima inamtazama, na mimi nimesimama pembeni na fimbo nikimwambia, "Sema kwa sauti. Sentensi kamili."

Nikanyanyuka nikaenda.

Profesa Arvo na Kaisa walikuwa mezani. Nilisimama wima, mikono imeshikamana na mapaja, kama mstarini. Profesa akaniuliza kama naumwa. Nikasema, "Siumwi. Nimekuja kukiri kosa. Kwa muda wa wiki nne nimekuwa nikisuuza silinda kwa maji kila asubuhi baada ya kuitoa katika tanuri. Kaisa hana hatia. Mwenye hatia ni mimi."

Watu hawa wana kimya kirefu kuliko hotuba zetu za kukabidhi ofisi.

Kisha Profesa akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mjusi, Profesa."

"Mjusi gani?"

"Mjusi wa ukutani. Usiku hutembea juu ya vyombo."

Profesa akageuka taratibu akautazama ukuta. Akautazama ule wa pili. "Ndani ya tanuri?"

"Ndani ya tanuri hakuna mjusi. Hata nje hakuna. Kichwa changu kinajua hivyo, lakini mkono haujaambiwa."

Nikamgeukia Kaisa nikamwambia, "Nilikutuhumu bure, binti yangu. Nakuomba radhi. Sikujua kwamba kosa ni langu."

Kaisa akasema, "Wote husema hivyo, Mwalimu."

Nilistahili. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka, nami sikuweza kujua ni ya kicheko peke yake au na ya ule mwezi. Profesa peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa akifikiri. Akauliza, "Kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini, Profesa?"

"Cha maji."

Nikamwambia kwamba siku nyingine ni kiasi cha kijiko cha chai, na Ijumaa ni matone mawili matatu. Akanyanyuka, akachukua sindano nyembamba ya kupimia, akampa Kaisa. "Maji ya Ijumaa," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote.

Walifanya kazi siku saba. Vyombo vikawa vikavu kama Nandagala mwezi wa Oktoba, na maji yakatiwa kwa tone. Bila maji, mshenga mkali alimmaliza titani, wa wastani akaanza vizuri akachoka, na mpole akakaa kimya, yote kama vitabu vinavyosema. Kisha yule mpole akapewa tone moja: akakohoa. Matone mawili: akasema, akasema, akasema, na ugali ukafura mpaka mwiko ukakwama tena. Akapewa kijiko kizima: kimya cha kaburini. Yaani maji kidogo hayamwui mshenga huyu. Yanamgeuza, yanamwunganisha na wenzake, anakuwa mshenga mwingine mwenye nguvu kuliko wote. Yakizidi, yanamzamisha.

Nilimweleza Kaisa habari ya Mjomba Mtepa na nusu kata. Akaniuliza, "Na kama mke wako angeleta mtungi mzima?" Nikamwambia kwamba Mjomba angekunywa wote, angelala palepale kwenye mkeka, na leo ningekuwa mseja Nachingwea. Akaniuliza tena, "Alijuaje kiasi?" Swali hilo nalipeleka kwako. Wewe ulijuaje?

Usidhani kwamba nimegundua jambo. Nilianza kudhani hivyo, nikamwendea Profesa nikiwa nimefunga tai. Akaniambia, "Jambo hili limejulikana kwa miaka zaidi ya ishirini. Nao waliligundua kwa ajali." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini wao hawakuwa na mjusi." Hata hivyo namba za Kaisa zimesafishwa zote. Profesa ameandika kwa mkono wake katika lile daftari kwamba ni za kweli, pamoja na zile za Ijumaa, na Kaisa amepata sura nzima ya kazi yake ambayo hakuitegemea. Atasimama mbele ya wakuu wa chuo mwezi wa Mei.

Siku ile ya kukiri, jioni, aliniletea kahawa. Aliweka kikombe kitupu mbele yangu. Akakichukua tena, akakipeleka bombani nikimwona, akakisuuza mara tatu, akakikung'uta, ndipo akamimina. Mama Zuhura, miezi saba nimekuwa mgeni katika nchi hii, na siku hiyo ndiyo niliyokaribishwa. Tangu hapo wote hufanya hivyo. Hata Profesa. Na kwenye mlango wa tanuri kuna mtu amechora mjusi, akamkata kwa mstari mwekundu. Miguu yake wameichora sita. Nimesahihisha.

Kuhusu mimi, nilitegemea kurudishwa nyumbani, nikaanza hata kukunja nguo. Hawakunirudisha. Profesa alitoa adhabu, tena ya haki, ambayo mimi mwenyewe ningeitoa: mpaka mwisho wa mwezi ujao nisiguse kipimo chochote wala chupa yoyote. Nimebakiziwa kazi moja tu katika maabara nzima.

Ninaosha vyombo.

Kwa hiyo lile agizo la mwanzo nalifuta. Usiikunje barua hii. Mwite Hamisi, mpe yote, aisome barazani kwa sauti, akiwa amesimama wima, kuanzia salamu hadi sahihi yangu, bila kuongeza neno wala kupunguza. Mwambie alisema kweli kabla haijawa kweli. Mwambie vilevile kwamba ile siku ya bureti alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nami nilimchukulia kama mwizi wa korosho za watu. Ningeweza kumwuliza kwanza kwa nini. Akifika hapa atanyamaza kidogo. Mwacheni anyamaze, kisha aendelee.

Nisalimie mama mkwe wangu huko Matambarale, umwambie dawa ya macho nimeipata na nitamletea mwenyewe. Msalimie Zuhura na mume wake, umhimize asibebe dumu lililojaa kwa hali aliyo nayo. Msalimie jirani yetu Mama Rosa, umwambie shemeji yake wa Ufini ameshika Injili ya kukiri dhambi kuliko yeye. Najua atakavyojibu, usiniandikie. Mjomba Mtepa msalimie kwa namna ya pekee, nawe umpelekee maji.

Sasa kijiko. Ni kweli, mke wangu. Miaka thelathini sijaosha hata kimoja, na sina sababu ninayoweza kuisema mstarini. Nitakaporudi nitaosha: vijiko, sahani, masufuria, hata lile lenye masizi. Nimejifunza kazi hiyo kwa mafundi. Kisha asubuhi nitavisuuza vyote tena kabla hujavigusa, maana huko kwetu mijusi ipo.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura,
mwosha vyombo.